Mkono Uliokataa Salamu

Jumatano mchana, 1997. Mvua tangu asubuhi.

Mvua ya hapa ina kelele. Nyumbani Murungu tumeezeka nyasi, ikinyesha unaisikia kama mtu anapepeta ulezi nyumba ya pili. Hapa wodini ni bati tupu bila dari, basi kila wingu likipita ni kama watu wanatumwagia kokoto vichwani. Miaka yote nimemlilia Baba Ezeki tupate bati. Leo silitaki tena.

Ezeki amelala. Naandika kwa sababu nina hasira, na wa kuipokea hayupo.

Mwanangu ana miaka sita. Hasemi. Hajawahi kuniita mama. Hakutazami usoni, ukimgusa ghafla anaruka, na kelele zikizidi anaziba masikio na kuyumba mbele na nyuma. Anapenda kupanga magunzi ya mahindi mstari mmoja, kutoka mlangoni hadi kwenye migomba, na ole wako usogeze hata moja. Jirani wanamwita bubu. Kanisani kuna mama alisema ni pepo. Mimi sina jina la kuipa hali yake. Ninachojua ni namna ya kuishi naye, na hicho ndicho ambacho hakuna aliyeniuliza.

Kuna jambo moja tu analofanya kama watoto wote wa kwetu Buha: ukimsalimia kwa makofi, anakujibu kwa makofi. Aliyemfundisha ni bibi yake, mama mkwe wangu, kwa ubishi wake tu. Kila asubuhi alikuwa anachuchumaa mbele yake, anapiga makofi polepole, "Mwakeye, mzee wangu," halafu anangoja. Wiki na wiki anangoja. Siku moja mtoto akajibu. Hakumtazama, lakini makofi yalikuja, taratibu, yamepangika kama magunzi yake. Tangu hapo mama mkwe hachoki kututania: "Huyu mnayemwita mjinga ana adabu kuliko nyie mliosoma."

Aliyesoma ni mimi. Nimeishia la saba.

Juzi jioni nilimkuta Ezeki amekaa chini ya mpera, amelowa, kimya. Sikushtuka, huwa anakaa hapo. Kulipokucha jana mwili ulikuwa wa moto na uji kaukataa. Shemeji akatupakia kwenye baiskeli, akatusukuma kwenye matope mpaka hospitali.

Daktari ni kijana, si mtu wa huku. Mstaarabu. Akaanza kwa salamu: "Habari za mtoto?" Nami nikajibu, "Nzuri."

Nikumbukapo hiyo "nzuri" natamani kujipiga kibao. Lakini ndivyo tulivyolelewa. Salamu ni salamu, humtupii mtu shida zako kabla haijaisha. Kwetu angeniuliza za nyumbani, za shamba, za wazee, halafu ndipo ningeanza kusema kilichonileta. Yeye hakuuliza tena. Alimgeukia mtoto.

"Wewe, unaitwa nani?"

Kimya.

"Hebu niangalie."

Hakumwangalia. Na mvua nayo ikachagua wakati huohuo kuliangukia bati. Ezeki akapiga ukelele, akaziba masikio, akaanza kuyumba.

"Malaria imepanda kichwani," daktari akamwambia nesi.

"Dokta, hivi ndivyo alivyo," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mdogo kabisa. Tangu kuzaliwa."

Nesi akacheka. "We mama, kuna mtoto anazaliwa na malaria ya kichwa?"

Wakaitana watu wazima watatu wa kumshika. Niliwaomba. Nilisema, sista, ngoja nimfunike kanga kichwani asione watu wengi, mpeni huo mpira wa dripu aushike kwanza, aujue, atatulia. Nesi akanijibu, "Mama, hapa hatuposi. Toka nje."

Nikatoka. Nilimsikia nikiwa nje. Ile sauti siiandiki.

Niliporudi walikuwa wameufunga mkono wake wa kushoto kwenye kipande cha ubao, bandeji juu hadi chini, na ubao wameufunga kwenye chuma cha kitanda. Dripu ya kwinini inashuka. Kitanda tulipewa pamoja na mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi, na mwanawe mchanga. Akamhamishia mwanawe sakafuni kwenye mkeka. Akamwambia mwenzake kwa Kirundi kwamba yule wa kitandani ana wazimu na unaambukiza. Alidhani sielewi. Kirundi na Kiha chetu ni mtu na dada yake, nilielewa kila neno.

Mtu yeyote aliyewahi kutundikiwa kwinini anajua inavyopigisha kengele masikioni. Mwanangu anakimbia kelele ya mvua, wao wakamwekea kelele ndani ya kichwa, mahali ambapo kuziba masikio hakusaidii. Na alikuwa anaziba sikio moja tu, kwa mkono mmoja. Mwingine si wameufunga.

Jioni majibu ya damu yakaja. Hakuna wadudu.

"Wamejificha," nesi akasema, akatundika chupa nyingine.

Wamejificha! Ningekuwa na ujasiri ningemwambia awatafute vizuri chini ya kitanda.

Leo asubuhi mama mkwe akafika kwa miguu, amelowa chepechepe, na chupa ya uji kaifunga kwenye kitenge. Dripu ilikuwa imeisha na ule ubao umeshafunguliwa kwenye chuma cha kitanda, angeweza kuuinua mkono. Hakunisalimia mimi. Alichuchumaa pembeni ya kitanda, akapiga makofi polepole. "Mwakeye, mzee wangu."

Ezeki akainua mkono wa kulia. Wa kushoto ukabaki ulipo. Akapiga paja lake kwa ule mmoja, pa, pa, akaacha.

"Leo kaninyima salamu," mama mkwe akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Mama Ezeki, huyu hakuninyima hata siku za surua."

Nikautazama ule mkono. Mwanangu halii kwa maumivu kama watoto wengine. Aliwahi kukanyaga kaa la moto akaendelea kupanga magunzi yake, mimi ndiye niliyelia. Sikuita mtu. Nikafungua ile bandeji mwenyewe. Kati ya kiwiko na kiganja palikuwa pamevimba, peusi, pamepinda.

Mpera. Alikuwa ameanguka kwenye mpera.

Ule walioubana watu watatu, ule walioufunga kwenye ubao na chuma, ndio uliovunjika.

"Nani kakwambia ufungue?" nesi akaja juu. "Umekuwa daktari?"

Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, akasimama mbele yake na maji yakimchuruzika. "Mie si daktari. Mie bibi yake. Ita daktari."

Akaitwa. Akaubonyeza mkono taratibu. Halafu akaniuliza, mimi: "Mama, kwa nini hukusema kama kaanguka?"

Sikujua kama kaanguka. Lakini nilichokijua nilikisema, tena mara mbili. Wangeniamini kwamba kutosema na kuyumba ni kwake, ya siku zote, wangetafuta kitu kingine. Wangemvua shati. Hayo yote yalinijia kichwani, mdomoni likatoka moja: "Samahani dokta."

Naiandika hiyo samahani hapa niione. Niliomba samahani ya nini?

Walipotaka kumfunga hogo, ile plasta ya mifupa, sikutoka. Nesi alinionyesha mlango kwa kidole, nikajifanya sijui maana ya kidole. Nikamfunika Ezeki kanga kichwani. Nikaomba kitambaa kimoja cha hogo kilicholowa, nikampa akishike. Alikinusa, akakikandamiza shavuni, akakaa nacho. Mama mkwe alipiga makofi polepole mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesalimia kijiji kizima. Hakuna aliyemshika mtoto. Daktari akafunga mpaka akamaliza.

"Kumbe anatulia," akasema.

Kumbe.

Niandike ukweli, si mtu mbaya. Kwinini kaisimamisha mwenyewe, na alipotoka alijaribu kumpigia Ezeki makofi, vibaya, haraka haraka kama mtu anafukuza kuku. Mama mkwe alicheka. Mimi sikuweza kucheka. Labda wiki ijayo.

Ila wiki ijayo ndiyo inayonitisha. Mashine ya picha hapa haifanyi kazi, lazima twende Kasulu wakaone kama mfupa umekaa sawa. Usipokaa sawa, mkono utapona umepinda. Baba Ezeki yuko hukohuko Kasulu anafyatua matofali, atatupokea. Lakini Kasulu ni bati lingine, nesi mwingine, watu wengine watatu wa kumshika. Mfupa nauogopa kidogo. Hao watatu nawaogopa sana.

Mvua imepungua, Ezeki kaamka. Nimeacha kuandika kidogo nikachuchumaa, nikampigia makofi. Aliangalia hogo lake, akaangalia ukutani. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akaugonga kwenye kiganja changu. Mara moja. Akangoja. Nikamjibu.

Kwa hiyo tunaweza, mkono wake mmoja na wangu mmoja.

Wiki ijayo, Kasulu, wakiniuliza habari za mtoto, sitasema nzuri.