Kisanduku Nilichosema Kimehifadhi

Jumanne, baada ya isha

Umeme ulikatika dakika tano tu, na kazi yangu yote ya juzi pale zahanati ya Fukayosi ikafutika.

Kile kisanduku cha intaneti nilikiwekea sheria: majibu ya vipimo kutoka Bagamoyo yapite kwanza, video za watu zisubiri. Programu inayokiendesha nimeiandika mimi. Kikizimika na kuwaka tena, programu ilitakiwa kukirudishia sheria zake. Sehemu hiyo sikuiandika. Nilijiambia nitaimalizia kesho, halafu…

Leo kimewaka kitupu. Video zikajaza njia, na mama mmoja mjamzito mwenye homa akangoja majibu ya damu tangu asubuhi hadi alasiri.

Juzi Bi Mwanaidi, muuguzi mkuu, ambaye jioni hufundisha madrasa, aliniuliza, "Umekihifadhisha lakini?"

Nikacheka. "Kimehifadhi, mama."

Kwake yeye, aliyehifadhi ni yule anayelala, akaamka, na sura ya Kurani bado anayo kifuani. Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Jibu langu ndilo lilikuwa uongo.

Leo nilipofika zahanati nikamwamkia shikamoo. Hata marahaba hakuitikia vizuri. "Nisamehe, mwanangu," akasema, "nadhani nilibonyeza pasipobonyezwa. Yule mama kateseka kwa sababu yangu."

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Neno moja tu lingetosha.

Nikamshika mkono, nikamwambia kwa upole, "Usijali, mama. Nimekusamehe."