Boti Si Kamyo

Lubumbashi, mtaa wa Kenya

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla ya lolote nauliza kifua chako: kikohozi cha majira ya baridi kimekuachia? Na Mama, goti lake bado linampandisha mlima kutoka bandarini Moba hadi Kirungu? Mimi ni mzima, katika mtaa ambao vumbi la makamyo halina siku ya mapumziko.

Nimepata habari kwamba umeafikiana na seremala aivunje boti yako ichukuliwe mbao, kwa kuwa, unasema, zama za maji zimekwisha. Niruhusu nikubishie, kama ulivyonizoea. Katika ofisi yetu ya usafirishaji kila mtu aliapa kwa barabara, mpaka mvua ilipoyanasa makamyo yetu matatu kwenye matope ya njia ya Pweto. Ndipo niliposimama nikasema: reli mpaka Kalemie, kisha ziwa. Nimesoma mengi juu ya usafiri wa majini, Baba. Usafiri huo sasa unaelekea kwenye vyombo vya chuma, injini zinazokunywa mafuta kidogo na koti la kuokolea maisha kwa kila abiria. Ziwa halisubiri mtu alitie lami.

Mkurugenzi wetu, mama wa Kikasai asiyependa maneno mengi, alinipa safari moja ya majaribio: Kalemie, Moba, Moliro. Nikachora mpango wa kupakia, akautia sahihi, nami kwa majivuno nikakutumia picha yake. Nondo na mabati ya Moba niliyaweka yote nyuma, chumvi na sukari ya Moliro yote mbele, kwa sababu kwenye kamyo mzigo unaoshuka kwanza hukaa nyuma, karibu na mlango.

Ukanijibu kwa swali moja tu: "Mutoto yangu, nondo zikishuka Moba, pua ya boti itakuwa wapi?"

Nilikasirika. Jioni nzima nilitafuta hoja ya kukushinda. Kila nilipofuta nondo kwenye mchoro, pua ilizama. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukigawa magunia ya kila mfanyabiashara, nusu mbele, nusu nyuma, nao wakinung'unika. Nilidhani ni ukaidi wako. Ilikuwa elimu, Baba, na sikuiona.

Asubuhi nilikwenda kwa mkurugenzi kuiondoa karatasi yangu na kukiri kosa.

"Weye, na diplome yote ile?" akacheka. "Nani amekuonyesha?"

"Baba yangu, Mama. Ni nahodha."

"Alisomea wapi?"

"Ziwani."

"Basi yeye ndiye lisansie, mwenye shahada, weye uko mwanafunzi. Mulete Kalemie asimamie kupakia. Na boti yake iko?"

Nikasema iko. Anataka ibebe mizigo yetu ya bandari ndogo, ambako chombo kikubwa hakifiki. Hizo zama unazozizika zinakuhitaji kuliko zinavyonihitaji mimi. Mwambie seremala azibe nyufa badala ya kuvunja.

Msalimie Mama, shangazi muuza dagaa, kaka yangu mwalimu na mkewe, na fundi wa injini yako ambaye bado ananiita profesa kwa kunitania.

Jambo moja nimelificha hadi hapa: nimekwisha kumwambia mkurugenzi kwamba utakuja. Ni kosa langu la pili mwezi huu, na hili nakuomba usilisahihishe.

Mwanao mbishi, anayekuheshimu,

Kitenge