Upande wa Pili wa Santuri ya Inkeri Laamanen

Jumanne, 4 Oktoba 2011

Leo tumeanza kutupa santuri. Chumba cha chini cha maktaba kinageuzwa cha kompyuta, na santuri mia tisa hazina pa kukaa. Nimepewa mimi kuzichambua. Gramafoni bado inafanya kazi, nikawa naonja moja moja kabla ya kuitia kwenye sanduku la kutupwa.

Kwenye saa tisa hivi nikashika ndogo moja, ya mwaka 1961. Inkeri Laamanen. Sijapata kulisikia jina hilo. Upande wa kwanza valsi — sauti safi, basi. Nikaigeuza. "Tango la Huutokoski," wimbo wa dansi ya tango.

Nilikaa chini. Chini sakafuni, kati ya masanduku, na sketi yangu ya kazi. Sauti haina mapambo. Inaanza nyuma ya bendi kidogo, kama mtu anayechelewa makusudi, halafu kwenye mstari wa tatu inaipita bendi na kuiacha palepale. Nikairudia mara sita. Mwenzangu wa kaunta akateremka kuuliza kama kuna mtu analia huku.

Nimekuja nayo nyumbani mkobani. Si wizi. Zinatupwa.

Jumatano, 5 Oktoba

Sijatulia. Nimepekua vitabu vyote vya muziki tulivyo navyo: hayumo. Magazeti ya zamani: tangazo moja tu, ukumbi wa dansi wa Haukivuori, Juni 1961, Inkeri Laamanen na bendi yake. Mwaka uliofuata, kimya. Mtu mwenye sauti ile anapoteaje? Kazini nimepanga vitabu vya watoto kwenye rafu ya sheria.

Nikampigia Jarmo Vepsä wa redio ya hapa mjini. Tulisoma darasa moja. Nikamwekea simu kwenye spika ya gramafoni yangu ya nyumbani. Jarmo hunyamaza akiwa na chakula mdomoni tu, lakini leo alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akasema kipindi cha Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane mchana, ni chetu, na mimi nitatajwa kuwa mgunduzi.

Mgunduzi! Miaka ishirini na mbili nagonga mihuri kwenye vitabu. Jioni yote nimekuwa nalimumunya neno hilo kama peremende.

Ijumaa, 7 Oktoba

Yu hai — yumo kwenye kitabu cha simu, Haukivuori palepale! Nimepiga mara nne. Inaita tu. Kesho naenda.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nusu saa kwa gari. Nyumba ya mbao ya manjano, kuni zimepangwa vizuri kuliko vitabu vyangu. Nikabisha, nikabisha. Nikachungulia dirishani nikamwona jikoni, mgongo kwangu, anakata mkate. Nilipogonga kioo hakushtuka. Ndipo nikaelewa kwa nini simu ilikuwa inaita tu.

Hasikii kabisa. Miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha kupasua mbao, msumeno ukamla masikio kidogo kidogo. Miaka kumi na miwili sasa hakuna kilichobaki. Anaongea vizuri, kwa sauti ya juu kidogo. Wewe unamwandikia, yeye anakujibu. Ana simu ya mkononi ya kutumia ujumbe, na ya mezani ameiacha kwa sababu mama yake ndiye aliyevuta laini yake.

Ana miaka sabini na tatu. Mrefu, nywele amezifunga taulo kama kilemba, ametoka kuoga mvuke wa sauna. Nilipoiweka santuri mezani alifuta mikono kwanza, ndipo akaishika. Akaitazama sana. Nikaandika: Tango hili ni kitu cha ajabu, Bi Inkeri. Akasema valsi ndiyo nzuri. Nikaandika tena kuhusu tango. Akanimiminia kahawa, akanisogezea mkate wa iliki, akasema tena kwamba valsi ndiyo nzuri.

Amenipa picha. Yeye jukwaani, gauni lenye mkanda. Chini ya jukwaa, pembeni, msichana amebeba koti la mtu. Nikamwuliza huyu ni nani. "Mdogo wangu, Vieno," akasema. "Yuko Borås, Sweden." Akainuka kuongeza kuni, na jiko lilikuwa limejaa.

Amekubali kipindi. Alipokuwa akiniaga aliniuliza kama jina lake litasomwa lote, la kwanza na la ukoo.

Jumatatu, 10 Oktoba

Redio imeanza kutangaza. "Sauti iliyosahauliwa ya Haukivuori." Chama cha ukumbi wa dansi kinataka kumpandisha jukwaani majira ya joto, apewe maua. Jioni nimepata ujumbe wake: Dukani leo watu watatu wamenipa mkono. Muuza nyama ametoka nyuma ya kaunta.

Nimeusoma mara kadhaa. Nimefurahi. Mbona basi siwezi kukaa kwenye kiti? Nimezunguka ziwa mara mbili, mvua na yote.

Jumatano, 12 Oktoba

Nimetoka Haukivuori.

Jarmo alinituma niulize maswali machache ya kusomwa hewani. Nikaandika la kwanza: Ulikuwa unawaza nini kwenye mstari wa tatu wa tango, pale unapoipita bendi?

Alilitazama swali lile mpaka kahawa ikapoa.

"Muulize aliyeuimba," akasema.

Kisha akaeleza yote bila kupumzika, macho kwenye meza. Walikwenda Helsinki wawili, yeye na Vieno. Vieno alikuwa na miaka kumi na tisa, mfumaji kiwandani, alikwenda ili kumbebea koti dada yake. Valsi ikarekodiwa. Kisha koo la Inkeri likafunga, sauti ikakauka, na studio ilikuwa imekodiwa kwa saa. Vieno akasema yeye anaujua wimbo. Akauimba mara moja tu. Mwenye studio akasema lebo zimeshachapwa jina moja, na jina moja linatosha. Inkeri hakusema kitu.

Majira yale ya joto tango likapigwa kila ukumbi wa huku kwetu. Usiku wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya majira ya joto, Haukivuori, watu wakalitaka. Vieno alimwomba dada yake jambo moja: aseme. Mbele ya watu, mara moja, aseme wimbo ni wa nani. Inkeri akapanda jukwaani, akasema, "Na sasa, wimbo wangu." Akauimba. Hakuweza kuuimba kama kwenye santuri, na watu wakasikia. Mmoja alipaza sauti kwamba wamletee yule mwenyewe.

Agosti Vieno akapanda meli. Miaka hamsini. Kila Krismasi kadi moja kwenda, kadi moja kuja. Majina tu, hakuna neno jingine.

Nikamwandikia: Inabidi tuseme Jumamosi. Akatikisa kichwa. Akasema ana miaka sabini na tatu, na ni wiki hii tu ameanza kusalimiwa dukani. "Wiki moja, mwanangu. Yeye hata hajui kama kipindi kipo. Utamnyang'anya nani?"

Nimeendesha mpaka nyumbani bila kuwasha taa za gari, mchana wa giza hivi.

Alhamisi, 13 Oktoba

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Jana, alipokuwa anaeleza, sikumwaza Vieno kwanza. Nilijiwaza mimi. Nimegundua nini sasa? Jina lisilo la mwimbaji.

Nimemweleza Jarmo. Akashusha pumzi. Kasema wasikilizaji wanataka mtu mmoja, wawili watawachanganya. Kasema pia, taratibu, kwamba Bi Inkeri mwenyewe hataki, na jambo ni lake. Kisha: "Kaisu, uliniletea jina wewe mwenyewe. Sasa unaninyang'anya?"

Eti wote wananyang'anywa. Na yule wa Borås je?

Nikapiga tango tena jioni. Sasa nasikia kitu kingine. Nasikia umri. Kumi na tisa! Nilikuwa sijasikia.

Ijumaa, 14 Oktoba

Hakuna ujumbe. Nimeandika barua mbili za kujitoa kwenye kipindi, nimechana zote. Supu ya samaki imeungua.

Saa kumi na mbili jioni — ujumbe wa Inkeri. Namba ndefu ya simu, ya Sweden. Chini yake: Nimeipata kwa huduma ya namba. Njoo kesho mapema. Mimi sitasikia. Utasikia wewe.

Jumamosi, 15 Oktoba

Saa saba na dakika arobaini mchana. Jikoni kwa Inkeri. Karatasi zake zimeisha, namwandikia kwenye daftari hili hili. Kurasa za juu nimezifunika kwa kiganja.

Nimepiga kwa simu ya mezani. Vieno akapokea mara moja, kwa Kiswidi. Nikamwambia mimi ni Kaisu wa maktaba, Pieksämäki, na nimeisikia santuri. Upande wa pili. Nikaeleza kipindi, nikaeleza kwamba bado hatujajua jina gani lisomwe. Hakuuliza kuhusu kipindi. Akauliza kama dada yake yupo hapo.

"Yupo. Ameketi mbele yangu."

"Mpe basi."

Nikamwambia hasikii. Akadhani namaanisha hataki. Nikamwambia hapana, masikio, ni kiwanda, miaka kumi na miwili sasa. Akasema, "Hakuniandikia." Akarudia, pole pole, "Kadi zote zile, hakuniandikia." Inkeri ananitazama mdomo wangu na mdomo wangu hausemi kitu.

Kisha Vieno: "Muulize jambo moja. Siku ile ya Juhannus, alipotamka vile, aliniona nimesimama pale?" Akasema ningoje, kuna chungu jikoni kinachemka. Akaiweka simu chini. Nasikia kifuniko. Nasikia maji.

Nimeandika swali hapa chini, herufi kubwa.

ULIMWONA?

Amelisoma. Amevua miwani, ameipangusa, amelisoma tena.

Jarmo ametuma ujumbe: Jina gani? Nina robo saa. Nimeilaza simu yangu ya mkononi kifudifudi.

Inkeri amenyoosha mkono. Anataka simu, amjibu mwenyewe. Nimempa. Ameiweka sikioni, na kusikia hasikii, ameniambia Vieno akirudi kwenye simu nimguse yeye bega. Nimeegemeza kichwa changu kwenye chake ili nisikie mimi. Nywele zake zinanuka sabuni. Kule Borås maji yamefungwa. Nasikia viatu vinakuja