Fotoni Mbili na Mkokoteni wa Mama

Kaka Omondi,

Nimemaliza shule. Uliniahidi kwamba nikimaliza kidato cha nne utanipeleka chuoni, nizione molekuli za damu ziking'aa kwenye skrini ya hadubini yako ya leza. Nimemaliza, nawe umelala kaburini, kushoto mwa nyumba ya Mama.

Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Lakini kwenye matanga Shangazi alisema, "Ni ule mwanga wake. Umemla polepole," na watu wakaamini. Mama aliposikia nataka kusomea kazi yako, akasema, "Nyathina, mwanangu, mwanga umeshanichukulia mmoja." Unanijua, maneno hunikaukia mdomoni. Ungekuwapo ungemweleza kwa mzaha, naye angecheka.

Wiki jana tulikuwa tukipeleka viazi vitamu sokoni Kosele, mkokoteni ukakwama kwenye tope. Nikasukuma peke yangu, haukutikisika. Mama akasukuma, wapi! Nikakumbuka ulivyonifundisha tukiusukuma mkokoteni huohuo: fotoni moja, ile chembe ndogo kabisa ya mwanga wako, ni dhaifu, haiwezi kuiamsha molekuli. Zikifika mbili kwa mpigo, molekuli hupokea nguvu za zote mbili, ikang'aa. Na hilo hutokea pale tu mwanga ulipokusanywa. Kwingine unapita bila kuwasha kitu. Ndiyo maana seli hai huvumilia kutazamwa.

Nikamwambia Mama yote hayo, nimeinamisha uso, mikono ikiwa kwenye mbao. Akauliza, "Kwa hiyo mwanga haukumchoma?"

Nikasema haukumchoma.

Alilia, Kaka, palepale barabarani, miguu imezama topeni. Halafu akajifuta kwa leso. "Haya. Pamoja, sasa." Mkokoteni ukatoka.

Tulipofika nyumbani aliniomba nimfungulie ile picha uliyomtumia kwenye simu. Hakuwahi kuitazama. Seli zako: viduara vya kijani, vingi, kila kimoja na mng'ao wake. Aliishika simu hadi ikazima. "Kumbe alikuwa akifanya kitu kizuri hivi," akasema. "Na mimi nilikuwa nikimuuliza tu ataoa lini."

Ameniruhusu niende. Lakini sentensi ile ya Mama ilikuwa yako kuisikia, Kaka, na imechelewa. Hilo ndilo linaloniuma.

Lala salama. Siku nitakayosimama mbele ya hadubini ile, Mama atakuwa kando yangu, naye ndiye atakayetazama kwanza.

Mdogo wako,
Achieng