Alama Kwenye Mninga wa Maganga

Mdogo wangu Maganga,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu msimu wa asali uliopita. Nilisikia kwamba kuna watu wanaochimba makaburi msituni, lakini sikutaka kukuandikia habari mbaya ya kusimuliwa. Sasa nimeiona kwa macho yangu.

Wamelifukua kaburi lako.

Nilikwenda na mwanao Mihayo kukagua mizinga msituni, ng'ambo ya Kaliua, kwenye njia ya zamani ya misafara. Tulisikia sululu kabla ya kuona watu. Mawe tuliyokupangia, pamoja na yale ambayo kila mrina asali apitaye huongeza, yalikuwa yametupwa kando. Wanaume wawili walikuwa shimoni hadi kiunoni. Fuvu lako lilikuwa juu ya udongo, na ufa wa shoka la majangili ulionekana wazi. Ni mimi niliyekifunga kichwa hicho kwa shuka langu siku ile, Maganga. Niliutambua ufa ule.

Walifuata alama. Tulipokuzika palepale ulipouawa, kwa kuwa mwili haukubebeka tena, wenzako walichonga kwenye mninga alama ya mizinga yako, mistari miwili na duara, ili kila mrina ajue kwamba hapo pana mwenyewe. Watu hawa wa mjini wakadhani ni alama ya Mjerumani wa enzi za ukoloni aliyeficha mali.

"Shikamoo, mzee," alisema mmoja, bila haya. "Tulia tu. Hapa amelala Mjerumani na sanduku lake. Tukilipata, na wewe hukosi soda."

"Huyo Mjerumani ni baba yangu," alijibu Mihayo, akarukia shimoni.

Mmoja alikimbia. Huyu msemaji alipigwa kwa mpini wa sululu yake mwenyewe mpaka taya likavunjika, na meno yakamwagika juu ya udongo wako. Mihayo alipogeuza upande wa chuma, nilimwangukia mgongoni. Alinipiga kiwiko cha kifua, kisha akanitambua, akaiachia sululu, akakaa chini. Mtu yule yu hai, yuko hospitali. Mihayo ametoka polisi kwa dhamana.

Tulikurudisha kwa mikono, mfupa kwa mfupa. Nilikukumbuka ukirudi na ndoo ya asali, uso umevimba kwa nyuki, ukicheka: "Kaka, leo wamenisalimia wote!"

Mihayo anataka tukuhamishie makaburi ya Tabora, penye ukuta na mlinzi. "Watarudi, baba mkubwa," ananiambia, "na safari hiyo hutanizuia." Namwamini.

Mkeo hataki kusikia. "Damu yake iliingia pale. Mtabeba mifupa; damu mtaibebaje? Waliomuua watapita wakidhani hapajawahi kuwa na mtu." Kisha akaniambia, yeye ambaye hajawahi kunipandishia sauti: "Shemeji, mkimchukua, nizikeni mimi katika shimo atakaloacha."

Wote wananitazama mimi, mkubwa wa ukoo. Nilirudi msituni na shoka ili niifute alama, kaburi lisionekane. Nilisimama mbele ya mninga, mkono ukakataa kuinuka. Nilihisi kwamba ningekupiga wewe.

Nikikuacha, nampoteza mwanao gerezani siku watakaporudi. Nikikuhamisha, mkeo hatanisamehe. Ukoo utakutana kwangu Jumapili, na neno la mwisho ni langu.

Kwaheri, mdogo wangu. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, ili neno langu likufikie kabla ya jembe.

Kaka yako