Analala kwa Kabula

Isaka, Jumanne, 14 Mei 1996

Kabula! Jina hilo limenikaa kooni tangu saa tisa mchana.

Nilikwenda ofisi ya kampuni ya malori kumuulizia Hamisi wangu, mume wa wiki tano, dereva mzuri kuliko wote walioshika usukani. Mara sauti yake tamu ikatoka kwenye redio ya upepo wanayozungumzia na madereva: "Nimefika kwa Kabula. Nalala hapa."

Nikamgeukia dada wa redio. "Kabula ndiye nani?"

Akacheka hadi akashika meza. "Bibi harusi, Kabula ni kituo cha kulaza malori! Majambazi nao wana redio, wanatusikiliza. Tukitaja mahali, lori litavamiwa. Ndiyo maana kila kituo tumekipa jina la mwanamke."

"Kiko wapi?"

"Hatumwambii mtu, hata mke."

Kwa hiyo yeye anajua mume wangu amelala wapi, mimi sijui. Na kwa nini wanawake? Kwani majina ya miti yameisha?

Wivu unanila, naona hata aibu kuuandika. Lakini hao majambazi...

Nimemwomba Mungu jambo ambalo sidhani bibi harusi mwingine amewahi kuliomba: Hamisi wangu alale salama kwa Kabula.