Maoni ya Mtengeneza Fremu

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka chumba cha mbele, kwenye ile meza yenye mguu mmoja mfupi ambayo baba ameirekebisha mara tano na bado inacheza. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na kwamba watoto wanakua na wanakusumbua kama wewe ulivyomsumbua marehemu mama. Sisi huku hatujambo. Baba magoti tu ndiyo yanamtesa. Daktari akimwambia apumzike, humjibu kwamba atapumzika akishamaliza kazi iliyopo mezani, na wewe unaijua meza yake, haijawahi kuwa tupu. Shangazi anakusalimu sana, na sauti yake bado inafika nyumba ya tatu.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Tumezoea maneno mawili matatu ya simu, heri ya mwaka mpya, pole kwa msiba, basi. Haya ya leo hayasemeki kwa simu. Nami ni karani, mambo mazito nimezoea kuyaweka kwenye karatasi.

Juzi nilikuwa nafagia karakana ya baba. Kaka, harufu ni ile ile, gundi ya mbao na vumbi la randa, na vipande vya kioo bado vimepangwa ukutani kwa ukubwa kama watoto wa shule mstarini. Nilijikuta nimeegemea ufagio na kukumbuka mwaka ule rais wa zamani alipomaliza vipindi vyake viwili, akaaga, akaenda zake. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi tisa. Baba alipewa kazi ya kubadilisha picha katika ofisi zote za mji, na fremu zenyewe alikuwa amezitengeneza yeye miaka kumi kabla. Unakumbuka zilivyokuwa? Hakuzipigilia misumari kwa nyuma. Aliweka vibanio vinne vya mbao vinavyozungushwa kwa kidole gumba. Mafundi wenzake walikuwa wamemcheka, wakasema hiyo ni kazi ya kitoto, picha ya mkuu wa nchi hupigiliwa ikakaa. Yeye aliwajibu kwamba miaka kumi si mingi, kuna mtu atakuja kuifungua, ya nini kumvunjisha kioo.

Mtu huyo akawa yeye mwenyewe, pamoja na sisi wawili. Siku nne tulizunguka na mkokoteni. Wewe ulipanda ngazi, mimi nilishika kitambaa cha kufutia vioo na kujiona nusu ya serikali. Nacheka mpaka leo nikikumbuka pale posta. Mkuu wa posta alisimama wima, mikono ubavuni, picha ya zamani ilipokuwa inateremshwa. Baba akagundua kwamba ile mpya tumeisahau nyumbani, nawe ukatumwa mbio kuifuata. Maskini mkuu wa posta hakujua aendelee kusimama au akae, akawa anaukodolea macho ukuta mtupu, ile sehemu nyeupe ambayo jua halikuigusa miaka kumi. Baba akamwambia taratibu kwamba robo saa nzima ofisi haina rais na stempu bado zinauzwa. Watu wa foleni waliangua kicheko, na hata mkuu mwenyewe alishindwa kujizuia.

Siku zile nilidhani nchi zote ziko hivyo. Mtu anakuja, anafanya kazi yake, anashuka, na familia moja inazunguka na mkokoteni kubadilisha picha. Natamani ningeendelea kudhani hivyo.

Na yale mabishano ya wakati wa kula, je? Shangazi alikuwa upande wake peke yake na hakutikisika. Alisema dereva mzuri hateremshwi katikati ya safari, na kwamba mtu akishajua kazi kwa nini tumwondoe tuanze kumfundisha mwingine. Baba alimwambia hata dereva mzuri husinzia, na abiria waliomzoea ndio wa mwisho kugundua. Shangazi akasema basi na yeye baba aache kutengeneza fremu, ameshapitisha vipindi vitatu. Tulikuwa tunacheka mpaka wali unapoa. Wewe ndiwe uliyemuunga mkono baba kila mara. Mlikuwa chanda na pete ninyi wawili, na nakiri kwamba mimi nilikuwa naona wivu kidogo.

Kisha wewe ukaenda kufundisha huko uliko, na rais wa pili naye akakaribia mwisho wa vipindi vyake. Yakaanza maneno kwamba miaka kumi haimtoshi mtu ambaye barabara zake hazijakwisha. Na ni kweli barabara alijenga, hospitali pia, hilo hakuna anayelikataa. Tume ikaja kukusanya maoni, kikomo kibaki au kiondolewe. Mimi nilikuwa na miezi mitatu tu kazini pale manispaa, mwandiko wangu ukasifiwa, nikawekwa karani wa tume katika ukumbi wetu, peke yangu.

Baba alikuwa msemaji wa thelathini na moja. Alikuja na koti lake la harusi. Maneno yake ninayo kichwani mpaka leo. Alisema, "Mimi ni mtengeneza fremu. Fremu ni ya wananchi, picha tumeiweka kwa muda. Rais huyu ametufanyia mengi, namshukuru, na ndiyo sababu nataka ashuke watu wakiwa bado wanampigia makofi. Kikomo kibaki."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, akaacha haraka.

Yaliyofuata unayajua, au unadhani unayajua. Ripoti ilitoka, gazeti likachapisha maoni ya kila mji, na katika ukurasa wetu ikaandikwa: mtengeneza fremu, kikomo kiondolewe. Mji huu una mtengeneza fremu mmoja. Waliomsikia kwa masikio yao walisema kumbe mzee alirudi ofisini kwa mlango wa nyuma kubadilisha kauli, maana msemaji aliruhusiwa kurekebisha maoni yake ndani ya siku saba. Mwalimu wetu wa zamani akawa akimwona anavuka barabara. Wengine walikuja kumpongeza, na hao ndio waliomuumiza zaidi. Kikomo kikaondolewa. Wewe ulilisoma gazeti huko huko ukamwandikia ile barua, kwamba wote ungewatarajia wageuke lakini si yeye, na kwamba asikuhesabu tena mtoto wake mpaka akueleze alinunuliwa kwa nini.

Aliisoma amesimama, pale kwenye meza ya kukatia vioo. Akaikunja, akaiweka kwenye droo. Nilingoja akujibu. Wiki ikapita, mwezi, mwaka, hakuandika neno. Shangazi alipombana amwambie ukweli, alisema lililoandikwa limeandikwa, akaomba chumvi. Sasa ni miaka kumi na moja. Wajukuu zake anawajua kwa picha ninazotumiwa mimi, naye mwenyewe amezitengenezea fremu.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Tume nyingine imeundwa, safari hii kuuliza kama kikomo kirudishwe. Rais mwenyewe amechoka, hotuba zake siku hizi husomwa na wengine, na hata watu wake wa karibu wameanza kujiuliza nani atashika nchi. Mimi sasa ndiye mkuu wa makarani, na wiki mbili zilizopita nilikaa meza ile ile, ukumbi ule ule. Baba alikuwa ameniambia asubuhi kwamba atakwenda kusema. Nilimshika mkono njia nzima. Alisimama na mkongojo wake akasema maneno yale yale, labda mafupi kidogo kwa sababu ya pumzi. Hakunitazama hata mara moja. Niliyaandika yote neno kwa neno, nikaweka alama panapostahili.

Kaka, mara ya kwanza ni mimi niliyeyageuza maneno yake.

Kabla ya kikao, karani mkuu wa manispaa wa wakati ule alikuwa ameniita kando akaniagiza kwamba wote wanaotaka kikomo kibaki, niwaandike pia kwenye orodha ya pembeni, na anwani zao kamili. Hakusema ni ya nini na mimi sikuuliza. Nilipokuwa natoa nakala safi nikafika namba thelathini na moja. Nilikaa muda mrefu na kalamu mkononi, kisha nikaweka alama kwenye safu ya pili, ile ya kikomo kiondolewe. Baba hakurudi ofisini, hakubadilisha neno. Hakuna aliyemnunua.

Miaka yote nimejiambia kwamba nilikuwa namkinga mzee. Ni uongo. Nilikuwa mgeni kazini na sikutaka orodha ile iwe na jina la baba yangu, nijulikane kuwa mtoto wa nani. Nilijiogopea mimi. Barua yako ilipokuja ningeweza kukuandikia siku ile ile, lakini nilikaa kimya, nikawa nakula naye meza moja asubuhi na jioni huku namwona anaishusha bahasha yoyote ya ng'ambo kwa mikono miwili, akikuta si yako.

Basi wiki mbili zilizopita, tukitoka ukumbini, nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tumeketi kwenye ngazi za posta apumzishe magoti. Nikamwambia yote, bila kujitetea. Nilitarajia anipige kwa mkongojo, na laiti angenipiga. Alipangusa miwani yake, kisha akasema, "Nilijua siku ile ile gazeti lilipotoka. Mle ndani karani alikuwa mmoja."

Nikamuuliza, nikiwa nalia mbele ya watu, kwa nini basi hakukuandikia akajitetea, kwa nini aliwaacha watu wamvukie barabara. Akaniambia kwamba asingeweza kujisafisha bila kunipaka mimi. Wewe ulikuwa mbali na una hasira, na hasira ya mtoto mzazi huivumilia. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba na nina aibu, na mwenye aibu hukimbia. Alisema mmoja alikuwa ameshaondoka, asingeweza kumfukuza na wa pili.

Nikasema nitakuandikia. Akanikataza. Akasema, "Usimwandikie. Akijua atakuchukia wewe badala yangu. Mimi nimeshazoea."

Nimevunja agizo lake, naandika wakati amelala mchana. Sikuombi unisamehe leo, hilo tutaliongea ukitaka, na usipotaka pia nitaelewa. Nilichotaka ujue ni kwamba baba uliyemwacha ndiye baba huyu huyu, hajageuka hata siku moja. Ana miaka sabini na minane.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, waambie wana babu. Shangazi anasema ukija ujiandae, ana hoja mpya kuhusu yule dereva. Majirani wote wazima. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ukipata nafasi ya kuandika, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Ni mimi,
mdogo wako.